Kushukia Buhongwa

Mimi ni fundi friji, na mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. Mke wangu anasema hata siku ya kuzikwa nitainuka kidogo niwaambie kaburi limepinda. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akashangaa huko mbele, akisikia kwamba mtu mzima mwenye watoto watatu na karakana yake Ilemela alijiingiza matatani na mama mkwe wake kwa sababu ya hadithi. Niliyataka mwenyewe.

Tulikuwa watu kama thelathini, wengi wa hapa Mwanza na wachache wa ng'ambo ya ziwa, tunaoandika hadithi na kuziweka kwenye kundi la simu ili wenzetu wazichambue. Kundi lilikuwa kwenye mtandao ambao namba ya mtu haionekani, na hilo lilifanywa kwa makusudi. Aliyelianzisha aliweka sheria mbili tu. Ya kwanza, hakuna kutumia jina lako, chagua samaki wa ziwani ujiite hivyo. Ya pili, hakuna shikamoo. Hii ya pili iliwashangaza wengi, lakini mimi niliielewa siku ileile. Ukishampa mtu shikamoo asubuhi, mchana utaanzaje kumwambia hadithi yake imedoda? Utamwambia imependeza sana, mzee wetu, hongera, naye ataandika nyingine mbaya zaidi. Kwa hiyo mle ndani hapakuwa na mzee wala kijana, palikuwa na samaki watupu. Mimi nilijiita Gogogo, kwa sababu ana miiba na akivuliwa hupiga kelele.

Maksi hatukutoa. Tulikuwa tunasema tumeshukia wapi. Hadithi tuliichukulia kama basi linalotoka stendi ya Nyegezi kwenda Dar es Salaam. Ukichoka unashuka, na ni lazima useme umeshukia kituo gani, kwenye sentensi gani, na kwa nini. Aliyeshukia Buhongwa hajaenda popote, nyumba yake bado anaiona. Aliyeshukia Usagara amejitahidi kidogo. Misungwi, Shinyanga, Nzega, unapanda cheo. Mtu akisema amefika Dar, mwandishi analala akitabasamu wiki nzima. Hapakuwa na kuumauma maneno, wala kusema "ni maoni yangu tu". Umeshukia wapi? Taja kituo.

Hadithi yangu ya kwanza watu tisa walishukia Usagara. Nilikasirika nikazima simu, nikamfokea mteja ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuleta friji lenye mende. Aliyeniuma kuliko wote ni mmoja aliyejiita Ningu. Aliandika: "Gogogo, umeweka mvua mara sita kwenye kurasa nne. Nilishuka kwenye mvua ya tatu, nimelowa." Nikasema huyu ni mwalimu wa sekondari, mwanamume mwembamba mwenye miwani, hana raha maishani. Jioni nikazihesabu zile mvua ili nimuumbue. Zilikuwa saba. Nilicheka peke yangu karakanani mpaka jirani anayechomelea madirisha akaja kuchungulia.

Nilifuta mvua sita. Nilipoiweka tena, Ningu akaandika: "Nimefika Singida, nimekula kuku, naendelea." Sijui kama nimewahi kupewa sifa tamu kama hiyo, na kazi yangu watu hunisifia kila siku wakikuta maji yao yamepoa. Kuanzia hapo nikawa mraibu. Nikisubiri gesi iingie kwenye friji la mtu, nasoma. Nikingoja chai, nachambua. Na kwa kuwa nilikuwa nimeumizwa nikapona, nikajiona nina haki ya kuumiza wengine kwa afya yao. Nilikuwa nikiwashukia watu Buhongwa bila huruma, na nilifurahia, kusema kweli.

Ningu mwenyewe alikaa miezi bila kuweka kitu. Halafu siku moja akaweka. Hadithi ya wasichana wawili, marafiki, wanaagana bandarini Bukoba, mmoja anaondoka kwenda kuishi Ulaya na mumewe. Jua lilikuwa linazama, meli ilikuwa inapiga honi, machozi yalikuwa yanatiririka kama maji ya mto, vitambaa vyeupe vilikuwa vinapepea, na wote wawili walikuwa wanaapa kutosahauliana daima na milele. Nilisoma nimesimama. Sikufika ukurasa wa pili. Nikaandika: "Ningu, wewe ndiye wa kuniletea haya? Nimeshukia Buhongwa, na kondakta nimemdai nauli yangu. Watu wanalia mistari kumi na mimi sijaona chozi hata moja. Hapo bandarini hukuwepo." Nikaweka simu mfukoni, nikaendelea na kazi, roho nyeupe kabisa.

Jumapili iliyofuata tulikuwa mezani nyumbani, mchana, mimi na mke wangu. Nimekata tonge la ugali, nimelichovya vizuri kwenye mchuzi wa sato. Mke wangu akasema, "Mama hayuko sawa wiki hii. Hata chakula anaacha." Nikauliza kama ni presha. Akasema, "Hapana. Ana kundi lake la hadithi kwenye simu. Kuna mpuuzi mmoja huko anajiita Gogogo, amemwambia maneno mabaya sana juu ya hadithi yake ya bandarini."

Lile tonge sikulimeza wala sikulitema. Lilikaa.

Inabidi nieleze mama mkwe wangu ni nani. Ni Mhaya, mkunga mstaafu, na nusu ya watu wa mtaa wake walipita mikononi mwake siku ya kwanza ya maisha yao. Anaishi peke yake juu ya mawe huko Ilemela, nyumba ndogo nyeupe inayotazama ziwa. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nimelelewa kwamba mama mkwe humkodolei macho, humkatizi maneno, na akisimama nawe unasimama. Kwa miaka kumi na sita mazungumzo yetu yalikuwa mawili: hali ya hewa na hali ya friji lake. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu. Friji linatoa maji." Tuliishi vizuri sana hivyo. Sasa nilikuwa nimemwambia mama huyu, mbele ya watu thelathini, kwamba namdai nauli.

Nilimweleza mke wangu. Nilitegemea atanifukuza mezani. Badala yake alicheka, akainama, akapiga meza, akajifuta macho kwa kanga, akaniangalia, akacheka upya. Alipomaliza akawa mkali ghafla, kama walivyo watu wa kwao. Akanieleza kitu ambacho sikukijua. Rafiki wa kwenye hadithi yupo kweli. Walikua pamoja Bukoba, wakapotezana zaidi ya miaka hamsini, halafu miaka miwili iliyopita mtoto wa mmoja akamtafuta mtoto wa mwenzake mtandaoni, na tangu hapo wale mabibi wanapigiana simu kila Jumamosi. Mwezi wa kumi na moja yule rafiki anakuja, safari ya kwanza tangu aondoke, na kwa umri wao labda ndiyo ya mwisho. Mama alitaka amsomee hadithi yao. Ndiyo sababu pekee iliyomwingiza kwenye kundi, kujifunza kuandika kabla mgeni hajafika. "Sasa amefunga daftari," mke wangu akasema. "Anasema mgeni atakula, atalala, ataondoka, basi. Nenda ukarekebishe ulichoharibu."

Nilikwenda kukirekebisha kwa njia ya kijinga. Nilifungua kundi, nikaandika kwamba nimerudia hadithi ya Ningu kwa utulivu, kwamba siku ile nilikuwa na homa, na kwamba sasa nimefika Dar salama salimini nikiwa nimejaa machozi. Hazikupita dakika tano, Ningu akajibu. "Gogogo, nani amekutuma? Juzi umeshukia Buhongwa, leo umefika Dar bila hata kusimama kuchimba dawa njiani? Sema ukweli au nyamaza. Sina muda wa kudanganywa."

Kama mkwe, nilitakiwa kunyamaza. Kama Gogogo, nilikuwa nimeulizwa swali na mtu anayetaka jibu. Na huyu mtu ndiye aliyenihesabia mvua zangu, akaniponya. Nikaisoma hadithi yake yote, mara tatu, safari hii nimekaa. Kurasa za utotoni zilikuwa nzuri ajabu, zile ambazo sikuwa nimezifikia: wasichana wanagawana punje mbili za tunda moja la kahawa na kutafuna kila mmoja yake, waitane ndugu. Tatizo lilikuwa palepale bandarini. Nikaandika: "Kila mahali kwenye hadithi hii unaongea, isipokuwa bandarini. Hapo unasoma risala. Taa ndani inawaka, mashine inanguruma, lakini nikiingiza mkono hakuna baridi. Kuna kitu kimevuja na wewe unajua ni wapi. Andika kilichotokea siku ile." Nikatuma kabla sijapata akili.

Hakujibu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mke wangu aliniambia mama yake ameacha hata kumwagilia mchicha. Nilijuta kwa dhati. Nilijiambia, umemnyang'anya bibi wa watu kitu alichokuwa akikitaka, kwa sababu ya ujuaji wako.

Halafu siku moja asubuhi, nimelala chali chini ya friji la duka la soda, simu ikalia. Ningu ameweka hadithi upya. Utoto ulikuwa vilevile. Lakini bandarini palikuwa pengine kabisa. Rafiki yake alimwambia meli inaondoka Ijumaa. Ijumaa ile msichana akatoka kijijini alfajiri, akatembea mpaka mjini na kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba mkononi. Alipofika, gati lilikuwa tupu, wachukuzi wanafagia. Akauliza meli. Wakamwambia, binti, meli imeondoka jana, Alhamisi. Akauliza kama ratiba imebadilika. Wakamwambia haijabadilika, ni Alhamisi siku zote. Ndipo akaelewa kwamba ndugu yake alimdanganya siku kwa makusudi. Hakukuwa na machozi wala vitambaa. Sentensi ya mwisho ilikuwa hivi: "Tunaongea kila Jumamosi, na sijawahi kumuuliza."

Kundi zima lilifika Dar. Mmoja alisema amepitiliza mpaka baharini. Nilitoka chini ya friji na vumbi langu nikakaa kwenye kreti, nafurahi kana kwamba nimeiandika mimi. Kisha mmoja anayejiita Dagaa akauliza, "Na huyo rafiki, ataisoma?" Ningu akajibu, "Anakuja mwezi ujao. Nitamsomea hii."

Furaha yangu iliishia hapo. Kumwambia mtu mtandaoni "andika kilichotokea" ni kazi rahisi, unatuma, unarudi kwenye friji. Lakini kuna mwanamke mwingine wa miaka sabini na kitu, anapanda ndege kuja kumkumbatia rafiki yake, na atakachokuta sebuleni ni kuambiwa wewe ulinidanganya. Angeweza kuinuka akaondoka. Zile simu za Jumamosi zingeisha. Na mama mkwe wangu angebaki juu ya mawe yake na hadithi nzuri isiyo na mtu wa kumsomea. Yote kwa sababu Gogogo alitaka baridi.

Wiki moja kabla ya mgeni, nikaitwa kuangalia friji. Nikafika na begi la vifaa. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, mwanangu." Nikalifungua, nikalisikiliza, nikaweka mkono. Friji zima. Nikamwambia Mama, mbona hili halina shida.

"Halina," akasema. "Kaa."

Nikakaa ukingoni mwa kiti. Akakaa mbele yangu, daftari mapajani.

"Kuna mtu kwenye kundi letu," akasema, "anaichambua hadithi kwa friji. Taa inawaka, mashine inanguruma, hakuna baridi, kuna mahali pamevuja. Nikajiuliza, ni nani hapa Mwanza anaweza kusema hivyo? Mchungaji? Mwalimu?"

Niliangalia sakafu. Niliijua vizuri sakafu ile, lakini siku hiyo niliisoma kigae kwa kigae. Nikasema, "Mama, nisamehe. Sikujua kama ni wewe."

"Ungejua, ungeniambia?"

"Nisingethubutu."

"Basi hakuna cha kusamehe." Akalipigapiga daftari. "Ile ya kudai nauli ilinikera lakini. Nilitaka kukuchapa." Nikamwangalia usoni, labda mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, na nikaona anajizuia kucheka. Mimi sikuweza kujizuia. Tulicheka wote wawili, mama mkwe na mkwe, kitu ambacho marehemu mama yangu angekiona angejifunika kanga usoni.

Ndipo akaniambia alichoniitia. Alikuwa amejaribu kuisoma hadithi kwa sauti mbele ya kioo, na kila akifika kwenye Alhamisi sauti inakatika. Akataka mimi nimsomee mgeni. Nilikataa. Nilimwambia Mama, kwa heshima zote, ibakize hiyo kwenye daftari, msomee ya utotoni, ya kahawa, mle mnywe mfurahi. Nilimwambia mimi nilikuwa najiropokea tu.

"Hukuropoka," akasema. "Miaka miwili naongea na rafiki yangu kwa risala. Sitaki kufa naongea naye kwa risala. Kwenye kundi ulinipa amri bila hata shikamoo. Mimi sasa nakuomba kwa adabu. Utasoma?"

Nilisema nitasoma.

Mgeni alikuja Jumamosi. Alikuwa mfupi, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na kichwa, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha msichana wa zamani, kimehifadhiwa hukohuko kwenye baridi. Walikumbatiana mlangoni, wakiyumbayumba huku na huku. Tukala matoke na sato, wakaongea Kihaya kwa kasi nisiyoweza kuifuata, wakachekana mvi. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza mara mbili kunitia moyo. Vyombo vilipoondolewa, Mama akasema, "Nimekuandikia kitu. Mkwe wangu atasoma."

Nimesimama mbele ya watu, nimezozana na wateja, nimehutubia mazishi. Sijawahi kuogopa daftari. Nilisoma utoto, mgeni akawa anacheka na kudakia, "Ndiyo, ndiyo, na yule padri aliyekuwa na punda." Nilisoma kahawa, akaweka mkono kifuani. Nikafika bandarini. Nilisoma taratibu, sikuinua macho. Ijumaa. Gati tupu. Wachukuzi wanafagia. Meli imeondoka jana. Nikasoma sentensi ya mwisho, nikafunga daftari, na ndani ya nyumba ile palisikika friji tu.

Mgeni akauliza, sauti ndogo, "Kwenye kile kifurushi ulinibebea nini?"

Mama akasema, "Senene."

"Wa kukaanga?"

"Wa kukaanga. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja kama huu, msimu wa panzi wetu."

"Uliwapeleka wapi?"

"Niliwala. Nilikaa palepale gatini nikawala wote, nalia natafuna, mpaka wale wachukuzi wakaniuliza kama nimerukwa na akili."

Mgeni akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, mikono usoni. Mama naye. Mke wangu naye, ambaye hakuwahi kuonja senene wa siku ile. Mimi nilishika lile daftari nikawa kama askari wa lindo.

Walipotulia, mgeni akamshika rafiki yake mikono yote miwili. "Nilijua ningekuona pale, nisingepanda," akasema. "Nilikuwa namwogopa yule mwanamume niliyeolewa naye, naogopa na ndege, naogopa kila kitu. Ningekuona tu ningeshuka nirudi nawe nyumbani. Ndiyo maana nikakudanganya."

Mama alimwangalia kwa macho yale aliyowatazamia wazazi wote wa Ilemela siku ya kujifungua.

"Mjinga wewe," akasema. "Ungeniambia Alhamisi, ningekupandisha kwa mikono yangu mwenyewe."